Malengo Yangu, Nakala Elfu Sita

Leo naanza kwa kutubu.

Wiki ile ya kwanza ya safu hii niliwaambia kwamba sikumkuta mama yangu hai kwa sababu gari nililopanda liliharibika njiani. Wengi mkaniandikia pole. Msomaji mmoja alinitumia hadi kadi yenye ua, nimeibandika kwenye mlango wa kabati.

Niliwadanganya. Gari halikuharibika.

Msinune kwanza. Subirini mjue nilivyoumbuka, maana nimeumbuka mbele ya watu elfu sita, na huenda mmoja wao ni wewe.

Kwa anayeanza nami leo: mimi ni mpanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji, mwaka wa kumi na tisa huu. Kalenda, diari, vitabu vya risiti, kadi za harusi za watu wengine. Naishi peke yangu, chumba na sebule. Mwezi wa Januari mama yetu alifariki nyumbani kwa mdogo wangu, ambaye ni mwalimu mji wa pili kutoka hapa, mwendo wa saa tatu barabarani. Nilifika ameshakufa. Nikasema gari. Mdogo wangu akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umelala njiani, Dada, na gauni limenyooka hivyo?"

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Tangu mazishi namba yangu ameifungia, na salamu ninazotuma kwa watu hazirudi na jibu.

Sasa shikeni ukweli wenyewe. Jumanne asubuhi alinipigia. "Dada, mama anakuita. Anataja jina lako. Njoo leo hii."

"Naondoka sasa hivi," nikasema.

Sikuondoka. Januari ni msimu wa kalenda za wateja waliochelewa, na asubuhi ileile mtu alikuwa amegundua kwamba Juni yangu ina siku thelathini na moja. Nikajisemea, nirekebishe Juni tu, kisha huyoo. Lakini ukiipa Juni siku moja ya ziada, Julai inaanza siku isiyo yake, Agosti nayo, hivyohivyo mpaka mwisho. Nilipofika Desemba jua limeshazama na gari la mwisho limeshaondoka.

Alfajiri simu ikalia. Mama hayupo.

Ningeweza kusema, "Mdogo wangu, nilikuwa nahesabu siku za Juni." Mngekuwa ninyi mngesema? Nikasema gari.

Mwezi wa tisa ikaja kazi ya diari za chama cha walimu. Nakala elfu sita, kila mwanachama apewe yake. Katibu wa chama alitaka mwanzoni kabisa kuwe na ukurasa wa mtu kujipima. Juu "Mwaka Unaoisha", chini "Mwaka Ujao", na mistari mitupu ya kujaza.

"Ila kwanza nioneshe ukiwa umejazwa," akaniambia, "nione kama nafasi inatosha."

Sisi wapanga kurasa tuna desturi yetu. Ukitaka kuona maneno yatakavyokaa, unajaza chochote, halafu unafuta. Mimi miaka yote hiyo najaza sentensi moja tu: "Kuku wetu ametaga mayai mengi." Narudia mpaka ukurasa ujae. Kuku wangu ametaga kuliko kuku wote wa dunia.

Siku hiyo ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Wenzangu walitoka wawili wawili. Hakuna aliyeniuliza kama naenda. Waliacha kuniuliza zamani, kwa sababu kila walipouliza nilijibu nina kazi. Nikabaki mimi na feni. Nikatazama yale maneno "Mwaka Unaoisha", nikaweka vidole kwenye kibodi, na kuku akakataa kutaga.

Nikaandika hivi:

"Mwaka Unaoisha. Niliambiwa mama ananiita, sikwenda. Nilisema gari liliharibika. Halikuharibika, sikuwa nimepanda gari lolote. Mdogo wangu hasemi nami. Sina mwingine wa kusema naye."

Halafu chini:

"Mwaka Ujao. Moja, nimwambie mdogo wangu ukweli, kwa mdomo wangu, uso kwa uso. Mbili, nile nimekaa. Tatu, isipite siku sijasalimiana na mtu."

Nafasi ilitosha kabisa.

Hilo la pili nalifafanua, msije mkadhani nina ugonjwa. Mtu unayeishi peke yako unafika nyumbani, unafungua sufuria, unakula hapohapo jikoni umesimama, kijiko mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kiti kipo. Meza ipo. Ila kukaa mezani peke yako ni kama kukiri jambo. Basi mwaka mzima nimekula wima.

Nilipomaliza kuandika nililia kidogo, nikapangusa kibodi. Katibu nikamtengenezea ukurasa wake wa kuku. Mashine nikaitengenezea wa mistari mitupu, nikauita DIARI MWISHO KABISA. Wa kwangu nilitakiwa niufute. Nikashindwa. Nikauhifadhi kwa jina la DIARI MWISHO, na kila mchana wenzangu wakitoka naufungua, nausoma, naufunga. Mwenzenu hayo ndiyo mazungumzo niliyokuwa nayo.

Ikafika siku ya kuchapa. Fundi wa mashine akaja na flashi yake. "Dada, nipe diari za walimu, mashine imeshapata moto."

Faili lililokuwa wazi mbele yangu, jamani, lilikuwa lipi?

Na msiniulize nani hukagua. Mkaguzi wa mwisho wa kiwanda kile ni mimi mwenyewe. Zilipotoka nakala za kwanza nilikagua tarehe zote mia tatu sitini na tano. Juni niliihesabu mara tatu, kwa kidole. Ukurasa wa mwanzo sikuutazama. Mistari mitupu nani huikagua?

Zikafungwa, zikavalishwa nailoni moja moja, zikaenda.

Wiki iliyopita, Ijumaa saa nne asubuhi, mwenye kiwanda akaniita. Huyu tunamwita Mzee Gundi, kwa kuwa alianzia kwenye kubandika majalada na hadi leo akikaa kwenye kiti kumwondoa ni shughuli. Fundi wa mashine alikuwa amesimama pembeni yake, anatazama dari.

"Umekuja na miwani?" Mzee Gundi akaniuliza.

"Ninayo."

"Soma hapo."

Nikasoma neno la kwanza. Maneno yale niliyozoea kuyaona kwenye skrini, peke yangu, sasa yalikuwa kwenye karatasi nzuri nyeupe, yenye nembo ya chama juu.

"Haya ni malengo ya nani?"

"Ni... ni mfano tu, Mzee."

"Mfano wa nani?"

Nikavua miwani, nikaifuta.

"Katibu amenipigia mara nne tangu asubuhi," akasema. "Kuna mwalimu anauliza hili la kula amekaa ni agizo la chama au ni hiari. Kuna mwingine, mama mtu mzima, amempigia katibu analia, anataka kujua huyo mdogo mtu ameshasamehe au bado."

Fundi akakohoa. Nilimjua, alikuwa anameza kicheko. Nikamgeukia kwa hasira.

"Wewe uliziona zinatoka mashineni! Hukusoma?"

"Nilisoma."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani ndivyo mteja alivyotaka." Akajikuna shingo. "Halafu, Dada, nilijua ni wewe. Anayebaki peke yake kila mchana ni mmoja tu hapa. Lile la tatu, la kusalimiana... ndiyo maana nikaanza kupita mezani kwako asubuhi."

Lahaula! Ni kweli. Tangu mwezi wa kumi fundi yule alikuwa hakosi. "Dada, umeamkaje?" Kila siku. Nami nilidhani anataka kuazima kisu changu cha karatasi, nikawa namjibu huku nimekishikilia.

"Zimeshagawiwa?" nikamuuliza Mzee Gundi.

"Juzi na jana. Kila mwanachama yake mkononi."

Mdogo wangu ni mwanachama. Mwaka wa kumi na mmoja sasa.

Hapo ndipo akili ilinikaa sawa. Mambo ya kazi yangu, aibu, kicheko cha fundi, vyote vikaniondoka. Lengo langu lilikuwa moja: ausikie kwangu, uso kwa uso. Sasa angeusikia kwa karatasi, pamoja na walimu wote wa nchi, wengine wakiusoma kwa sauti chumba cha walimu huku wakila vitafunwa. Kama hajafungua nailoni, bado ninayo nafasi. Kama ameifungua, basi.

Mzee Gundi alikuwa ananitazama. "Una ndugu mwalimu, si ndiyo?"

"Ninaye."

"Basi unafanya nini hapa? Potea."

Nikapotea. Hata mkoba niliuvaa nikiwa ngazini.

Gari siku hiyo halikuharibika. Si injini, si tairi, wala hatukusimamishwa popote. Lilifika dakika ishirini kabla ya muda, nikawa na hasira nalo.

Saa tisa mchana nikagonga mlango wa mdogo wangu. Akafungua. Amekonda, uso umeingia ndani, kitambaa amejifunga kichwani ovyo. Mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kwa sura yake ya kununa. Sura hii ya uchovu sikuwa nimejiandaa nayo.

Tukatazamana. Nikafikiri ananifungia mlango.

"Karibu," akasema, akasogea pembeni.

Nusura nilie kwa neno lile moja.

Sebule ni ileile. Madaftari ya wanafunzi yamepangwa mpaka dirishani, kalamu nyekundu juu yake. Picha ya mama ukutani. Na mezani, katikati kabisa, diari ya chama cha walimu ndani ya nailoni yake. Haijafunguliwa.

Mungu ni mwema, nikajisemea, nimewahi!

"Kaa, nibandike chai," akasema, akaingia jikoni.

Wasomaji wangu, nilikuwa na dakika tano. Ningeweza kukaa nikazipanga sentensi zangu. Ningeweza kumfuata jikoni nikasema hapohapo, kabla maji hayajachemka. Nilichofanya ni kunyoosha mkono, nikaichukua ile diari, nikaitumbukiza kwenye mkoba, nikafunga zipu taratibu, isilie.

Nilijiambia naificha ili nimwambie mwenyewe kwanza. Oneni kichwa cha mwongo kilivyo. Hata wizi kinautafutia sababu nzuri.

Akarudi na vikombe viwili. Akatazama meza, akaweka chai, akakaa.

"Umekonda, Dada."

"Na wewe."

"Unakula?"

"Nakula."

"Umekaa au umesimama?"

Nikacheka. Nikaona mdogo wangu amerudi, utani umerudi, mambo yanataka kunyooka. Sikushtuka hata kidogo, mpumbavu mimi.

Tukanywa. Niliusikia ukweli unanipanda kifuani, unashuka. Unapanda, unashuka. Halafu yeye mwenyewe akanifungulia njia.

"Dada, siku ile gari liliharibikia wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza polepole, kama mwalimu anayempa mtoto mgumu swali rahisi ili afaulu. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu.

"Pale kwenye kona," nikasema, "kabla ya daraja."

"Tairi?"

"Injini."

Akatikisa kichwa. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na diari nyingine. Hii haikuwa na nailoni. Ilikuwa imefunguliwa sana hata mgongo umelegea. Akaiweka mbele yangu, ukurasa wa mwanzo.

"Hii ndiyo yangu. Nimeisoma juzi shuleni, mbele ya wenzangu, nikasema naumwa nikaja nyumbani. Gari lililoharibika, mama anayeita, mdogo mtu asiyesema naye. Ungetia na jina lako ingekuwa nini?" Akanyoosha kidole kwenye mkoba wangu. "Hiyo uliyoweka humo ni ya mwalimu wa hesabu. Hakuwepo shuleni, nikamchukulia nimpelekee. Itoe."

Nikaitoa. Zipu ilinikatalia mara mbili kwanza.

"Niliiweka mezani makusudi," akasema. "Nilijua utakuja mbio. Nikajisemea, nimwache nayo dakika tano, nione."

"Mdogo wangu..."

"Halafu nikakuuliza mwenyewe. Injini, Dada? Injini?"

Hapo ndipo nikasema. Kwa kukamatwa, si kwa hiari, lakini nilisema. Kwamba sikupanda gari. Kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nahesabu siku za Juni, na kila nilipomaliza mwezi mmoja nikasema bado mmoja tu. Kwamba mama ananiita na mimi namsogezea Oktoba. Nililia mpaka makamasi. Sikuona haya tena, haya ilikuwa imeishia kwenye injini.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu, magoti yetu yakagusana.

"Mama hakukuita," akasema.

Nikamtazama.

"Mama alikata kauli Jumapili. Hakutamka neno tena, jina lako wala langu."

"Lakini uliniambia anataja jina langu."

"Nilikuambia." Akaitazama picha ya mama. "Ilikuwa siku ya tatu nipo naye peke yangu. Namgeuza, hanijui. Naogopa hata kwenda chooni asije akafa sipo. Aliyekuwa anakuita ni mimi, Dada. Nilijua nikisema ni mimi ninayekuhitaji, utaniambia una kazi. Nikatumia jina la mama."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Na hata kwa jina la mama hukuja."

Mwaka mzima nimejilaumu kwa mtu aliyekufa, namwomba msamaha kwenye picha, kumbe aliyekuwa ananisubiri alikuwa hai, saa tatu tu za barabara. Niliuona upweke wangu wote, ule wa jikoni na kijiko, nikaona nimekuwa nikijihurumia huku nikiwa nimemwachia mwenzangu mzigo mzito kuliko wangu. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa.

Yeye ndiye aliyenishika mkono. Wake ulikuwa wa moto, kama wa mtu mwenye homa.

"Nikikuita tena," akasema, "kwa jina langu mwenyewe, utakuja?"

"Nitakuja."

"Hujauliza lini."

"Lini?"

"Wiki ya pili ya Januari. Nina uvimbe tumboni, Dada, wanautoa. Daktari anataka ndugu wa kukaa nami siku kumi. Wenzangu watakuwa wamefungua shule. Sina mwingine."

Nilitakiwa kusema ndiyo papo hapo. Nyote mngesema. Lakini nimeanza leo kwa kutubu, acha nitubu na hili: kichwa changu, bila kuniomba ruhusa, kilikimbilia kwenye kalenda za waliochelewa. Zipo ngapi, nani atazikagua, siku kumi zitakwishaje. Ilikuwa sekunde moja. Labda mbili.

Nikafungua mdomo kumwambia nitakuja, zote kumi, hata ishirini.

Lakini muda wote huo alikuwa ananitazama usoni. Akaniachia mkono, akanyanyuka, akachukua kikombe changu kikiwa bado na chai nusu, akakipeleka jikoni.